Herufi Kumi na Mbili

Ezra amenipa kipimo: herufi kumi na mbili,
na nafasi nayo ihesabiwe.
Kitufe hakitanuki, anasema.

Ghorofa ya tatu, Kijitonyama, feni imekata pumzi,
napima maneno kama fundi cherehani:
hili fupi, lile linabana mabegani.
"Pakua" lilipita bila ugomvi,
kila aliyewahi kusubiri wali analijua.
"Pakia" lina jasho la wabeba magunia, likae.
"Nywila" na "nenosiri" tulibishania wiki nzima
mpaka Bwana Ngonyani akapiga meza:
chagueni moja, msichanganye.
Tukachagua moja.
Ukurasa wa tisa likanitoroka la pili.

Lakini "Ondoa" sikulipima.
Herufi tano, jepesi. Nikalipitisha.

Kuna zahanati Mbagala, na mtunza stoo, Siwema Likwata,
aliyetaka makopo arobaini yatoke rafuni
yaende dirisha la dawa.
Akaona "Ondoa". Akaondoa.
Makopo yakabaki pale pale;
daftari zima la mwezi likaenda.
Siku tatu aliandika mgongoni mwa kalenda ya benki.

Nikamfuata. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.
"Nimeondoa kama mlivyoandika."
Neno langu lilikuwa na mikono miwili
na mmoja nilikuwa sijautazama.

Wewe ungesemaje?
"Dawa naitoa. Maandishi nayafuta."
Hivyo tu, huku akihesabu vidonge kwa ncha ya rula,
asipoteze hesabu.

"Toa dawa." "Futa rekodi."
Kumi na moja, pamoja na nafasi. Ezra ataridhika.
Ila ubao ukifutwa hubaki ukungu wa chaki,
na kwetu hakibaki hata ukungu,
kwa hiyo chini yake nikaongeza:
Ukifuta, hairudi.

Nikakaribia kuaga, nikakumbuka.
Na mbona hukufungua "Msaada", pale juu kulia?
Kurasa sitini, kila kitu tumeeleza.
Akacheka, akafunika mdomo
kwa mkono wenye vumbi la vidonge.
"Nilidhani pale ni pa wafadhili.
Nikasema hayo ya mganga mfawidhi, siyo yangu."

Kurasa sitini.
Koma zake nilizipanga mwenyewe,
nyuma ya mlango wenye kibao cha nyumba nyingine.

Usiku huu nimeandika "Nimekwama".
Herufi tisa. Ndivyo tusemavyo hapa
gari likizama kwenye maji ya Jangwani,
kodi ikifika kabla ya mshahara.
Ezra amejibu: hiyo siyo istilahi.
Ngonyani hajajibu.

Kishale kinapepesa baada ya herufi ya mwisho
nami sijabonyeza "Hifadhi",
neno la tembo, neno la wakimbizi,
ambalo nikilikazia macho
nalo naanza kulitilia shaka.