Mbeba Simu

Jumanne na Ijumaa, jogoo wa kwanza akiwa bado anasitasita,
nilishuka mlima na mfuko wa simu mgongoni.
Ishirini na tatu. Shule zikifunguliwa, thelathini.
Zote zimezima, baridi kama samaki.
Kila moja niliifunga uzi:
ya Baluku mwekundu, ya mkunga mweupe;
ya fundi Kule haikuhitaji, kioo chake kina ufa
unaopinda kama Lhubiriha pale mpakani.

Mwendo wa saa tatu. Kurudi ni saa nne,
kwa sababu kurudi ni kupanda.
Sokoni Mpondwe, kibanda cha Masereka:
mia tano zake, mia mbili zangu.
Nilikaa juu ya gunia la maharage nikingoja,
na moja moja zikaamka, zikalia, zikatetemeka:
salamu za Kampala, deni la mbolea,
maiti wa Kisinga aliyekwisha kuzikwa.
Habari zetu zilipanda mlima zimechacha.

Paneli ya jua tulikuwa nayo, msidhani.
Ililetwa na gari jeupe, ikapigwa picha,
nasi tukapigwa picha kando yake.
Mwaka wa pili betri ikafa.
Nyingine inauzwa wapi, hakuna aliyeambiwa.
Kuku wanaoga vumbi kivulini mwake,
na mkunga huipangusa kila Jumapili
kama kaburi la mtu aliyempenda.

Kisha Thembo, mtoto wa dada yangu,
akarudi kutoka gereji ya Kasese
na dinamo ya lori iliyokufa
na gurudumu la mabati na spoki za baiskeli.
Akaenda mtoni. Si mto, kijito tu, Kasanzi,
nilichokivuka kila safari nikikitukana
kwa kunilowesha viatu.

Tulimcheka. Tangu lini maji yakawasha kitu?
Maji huzima.
Mvua ya Aprili ikalibeba gurudumu
mpaka shambani kwa Biira. Biira akalirudisha
kichwani, akidai fidia ya miche sita ya kahawa.
Thembo akachonga jingine.

Balbu ilipowaka, haikuwaka vizuri.
Ilikuwa ya manjano, kama macho ya mgonjwa.
Hakuna aliyecheka.
Mkunga akasema, taratibu, kama anayeungama:
“Juzi nilimpokea mtoto tochi ikiwa kinywani.”

Nami nikapiga hesabu. Miaka sita,
mara mbili kwa wiki, kwenda na kurudi,
nilivuka umeme kwa miguu yangu
nikaenda kuununua mbali.

Siwezi kusema nilifurahi.
Usiku ule nilikaa na mfuko mtupu mapajani.
Mia mbili mara ishirini na tatu
ndiyo ilikuwa sabuni, ndiyo sare ya Kabugho.

Redio sasa haizimiki. Inasema
nchi kama yetu ni tajiri wa jua,
tajiri wa maji yanayoshuka, hata wa samadi.
Sibishi. Lakini redio haijasema
nani atatoa majani.

Maana Kasanzi huleta majani.
Usiku taa zinaanza kufifia, gurudumu linagugumia,
na lazima mtu ashuke achambue chujio kwa vidole.
Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikatafuta
mtu anayeijua njia gizani.
Wakageuka wote kunitazama.
Nikataja bei yangu. Wakakohoa. Wakakubali.

Sasa nashuka hatua mia na arobaini tu.
Maji ni baridi kama simu zile.
Natoa jani, natoa jani, natoa tawi la mkaratusi,
natoa kandambili ya mtoto, nyekundu;
hiyo nitaitundika njiani, mwenyewe aitambue.
Gurudumu linakohoa, linakumbuka kazi yake,
na kule juu, nyumba kwa nyumba,
nasikia watoto wakipiga ile kelele.