Karatasi Zimeisha

Skrini inawaka, inaomba jina,
inazima kabla sijafika herufi ya tatu.
Inawaka tena. Inaomba jina.
Tangu saa moja asubuhi, ofisi ya chama, Tandahimba,
bawabu wa mashine hii anafungua mlango,
anachungulia, anazimia, anainuka,
anasahau kwamba alishazimia.

Nje magunia ni mengi kuliko watu. Mnada kesho.
Aliyetuwekea Linux kwa kuwa ni ya bure
kahamia Dodoma, simu hapokei.
Bi Somoe Nandonde, karani, haniulizi kitu;
kalamu yake inagonga meza, ko, ko,
na mimi ninayelipwa kwa kazi, si kwa saa,
najifanya ugonjwa huu naujua.

Nimezima, nimewasha. Nimepuliza vumbi la maganda.
Nimeulaumu umeme, kama kila mtu.

Kisha vitufe vitatu kwa mpigo,
nikapita mlango wa nyuma: chumba kisicho na picha,
herufi nyeupe juu ya weusi, kishale kinapepesa.
Huko hakuna bawabu. Kuna shajara.
Nikaisoma kuanzia chini, kama barua ya deni.

Nafasi iliyobaki: sifuri.

Kumbe hakuwa mgonjwa.
Kila akitaka kuandika jina la mgeni kitabuni
hapati hata pa kuweka nukta,
basi anafunga, anaanza upya, kwa adabu.

Nani kajaza? Nikapima folda mojamoja.
Si stakabadhi. Si picha za harusi ya binti wa katibu
(nazo zilikuwemo, mia tisa).
Ni printa, ile ya kona. Tangu Juni
imeandika sentensi moja mara milioni nne:
karatasi zimeisha
karatasi zimeisha

"Inasemaje?" akauliza Bi Somoe.
Nikamwambia.
Akacheka kwa pua, akavuta droo:
daftari la malalamiko ya wakulima,
limejaa mpaka ndani ya jalada,
na mtu wa mwisho kalizungusha akaandika pembeni
mizani, mizani, mizani.

Nikafuta faili. Sekunde mbili.
Bawabu akasimama, akapokea jina, akatulia.

Bi Somoe hakunishukuru. Alimtuma Chilumba dukani,
"Rimu mbili," kisha akamwita arudi:
"Na daftari. Kubwa."
Lile la zamani akaliacha wazi mezani,
palepale mkulima wa kwanza atakapoweka kiwiko.