Mche wa Sabuni

Tulipanda Amani kwa lori la majani ya chai, watatu:
Shemhilu na kamera ya kuazima,
Mwanakombo na kilo mbili za plasta
alizozitoa zahanati ya Muheza bila kuulizwa sana,
mimi na sufuria, na chumvi, na mashaka.

Kuna kitu Kwamkoro, walisema wachuma chai.
Kinapita usiku. Hakisemi.
Kinaiba ndizi mbivu tu, mbichi kinaziacha.
Mguu wake, msimulizi aliupima kwa viganja viwili,
akaona havitoshi,
akaazima na cha jirani yake.

Shemhilu alinisomea, mimi nikaandika:
Urefu: futi nane, labda tisa.
Manyoya: ndiyo.
Harufu: iliki na kidonda.
Hapo kwenye kidonda kalamu ilisita,
sikujua kwa nini.

Usiku wa kwanza komba alilia kama mtoto aliyenyimwa.
Shemhilu akarekodi dakika arobaini.
Usiku wa pili tunda la msambu liliangukia hema,
Mwanakombo akasoma Ayatul Kursi mpaka mwisho
halafu akaanza tena,
asije akawa ameruka neno.

Asubuhi ya tatu, kijitoni,
kwenye tope laini kama uji wa mgonjwa,
unyayo.

Mpana kama kifuniko cha sufuria,
vidole vimezama ndani ya nyama,
kisigino hakina mwanzo wala mwisho.
Huo wa kulia.
Wa kushoto ulikuwa mguu tu, mguu wa mtu,
kiatu namba nane.
Wa kushoto hakuna aliyeupiga picha.

Wakakoroga plasta, wanacheka kwa woga.
Mimi nilichuchumaa, na miaka yangu saba ikanirudia:
Pangani, uani, beseni la buluu,
mguu wa shangazi Mwanshamba umelala mapajani mwangu,
mzito, una joto.
"Sugua katikati ya mikunjo, mwanangu.
Kausha vizuri. Uvundo huanzia pasipokaushwa."
Matende.
Wenzangu wa chuoni walikuwa na jina lao la kumwitia,
nami nikikutana naye njiani, niko nao,
nilitazama upande wa ukuta.

Nilitaka kuwaambia.
Plasta ikaganda kabla yangu.
Mwanakombo akaing'oa, nyeupe, ina majani,
akaifunga kwa khanga kama bakuli la futari.
Sasa iko juu ya kabati la Shemhilu, sebuleni,
wageni huonyeshwa kabla ya kukaribishwa chai.

Jioni ile nilikwenda kijitoni kuosha sufuria
nikarudi na sufuria.
Mche wa sabuni, mzima, haujakatwa,
niliuacha juu ya jiwe na ndizi sita mbivu.

Sikulala.
Karibu na alfajiri zikaja hatua,
moja nyepesi, moja ya kuburuta,
moja nyepesi, moja ya kuburuta,
kisha kikohozi cha mtu anayejitahidi asikohoe.
Kamera ilikuwa mikononi mwa Shemhilu, na Shemhilu alikuwa anakoroma.
Ningeweza kumgusa bega.
Nikaubana mkono wangu kwapani.

Kulipopambazuka nilishuka peke yangu.
Ndizi zilibaki nne.
Sabuni ilikuwa imekatwa kwa kisu, kati kwa kati,
kama mwenye duka anayemwogopa Mungu:
nusu imekwenda,
nusu imelazwa juu ya jani la mgomba
isishike mchanga.
Na mchanga wenyewe ulikuwa umefagiwa kwa tawi
mpaka kwenye vichaka,
msafi kama ua siku ya Idi.

"Vipi huko," Shemhilu akaita kutoka juu,
"umeona dalili yoyote?"

Nikanawa uso. Maji yalikuwa baridi mno.
"Sabuni," nikasema,
"imebaki nusu."