Rasimu ya Tatu ya Barua ya Shukrani

Kwa Bi. Chelagat, Idara ya Huduma kwa Jamii,
kiwanda cha sabuni, Eneo la Viwanda, Nairobi.

Salamu kutoka ng'ambo ya reli.
Rasimu ya kwanza mwalimu mkuu aliipenda;
niliichana mwenyewe.
Ya pili niliiandika usiku, stima ikapotea
katikati ya neno "fadhili",
nami sikuona haja ya kulimalizia.

Hundi ilifika salama, ile ya kadibodi,
ndefu kuliko kitanda changu.
Haikupita mlangoni ikiwa wima, wala ikiwa imelala;
tukaiinamisha kama jeneza kwenye ngazi za ghorofa
(mlikuwa mmekwisha kuondoka, ninyi na mpiga picha).
Sasa imeegemea ukuta wa chekechea
na ndiyo maandishi makubwa kuliko yote
ambayo watoto wangu wamewahi kuyaona.

Gakii, miaka minne, jino moja bovu,
aliikaribia na kidole chenye uji.
Akairuka ile mbili, hajafika huko.
"O," akasema. "O. O. O. O. O."
Akageuka kunitazama, mdomo ungali mviringo.
Bi. Chelagat, hivyo ndivyo milioni mbili zenu
zilivyosomwa hapa kwa mara ya kwanza:
kama mtu anayeshangaa mara sita mfululizo.

Vitabu vya hadithi ni mia tatu na kumi. Nimehesabu.
Kimoja kina sungura ambaye mchapishaji
alimsahaulia kurasa za mwisho,
kwa hivyo kila Ijumaa sungura anaponyoka kwa njia mpya.
Msitume kingine. Hicho ndicho wanachokigombania.

Sasa hadubini.
Zote nne zilikaa wiki saba kabatini kwa mkuu,
kufuli juu ya kufuli, zisije zikavunjika,
kama vikombe vya wageni ambao hawaji.
Ni Musembi wa Gredi ya Sita aliyeuliza,
"Mwalimu, kwani zinaangalia giza?"
Mkuu akacheka, kisha akautafuta ufunguo.

Tukaanza na ngozi ya kitunguu.
Matofali, wakasema, ukuta mzima, nani kaujenga?
Tukachota maji ya dimbwi la karibu na choo,
lile tunalowakataza kulikanyaga:
tone moja, na mle ndani Gikomba siku ya Jumamosi,
vitu vinasukumana, vinazunguka, kimoja kina mkia.
Musembi hakutaka kuliondoa jicho.

Kisha wakaenda mtoni na chupa. Sikuwatuma.
Au niliwatuma; mkuu ameniuliza mara mbili
na mara mbili nimejibu tofauti.
Mto mnaujua, unapita nyuma ya ukuta wenu,
pale bomba linapotokezea na lile povu
ambalo watoto huliita theluji.
Tone moja. Kimya.
Wakabadilisha kioo, wakapangusa lenzi kwa shati.
Tone la pili. La tatu.
Musembi akaandika katika daftari mlilompa,
lenye nembo yenu juu ya kila ukurasa:
Dimbwi, kuna uhai. Mto, hakuna.
Hati safi. Nimempa alama zote.

Sijui barua ya shukrani huishia wapi.
Mkuu anasema ahsante haiulizi maswali,
na fungu la mwakani mtalijadili Novemba,
na mabati yetu bado yanavuja.
Yote ni kweli. Nami nashukuru, si kwa mdomo tu.
Mmewapa jicho,
na halikuja na maagizo ya pa kuangalia.

Nilitaka kuigeuza hundi. Mgongoni ni nyeupe tupu,
ningeandika irabu, kila moja kubwa kama sufuria.
Gakii amekataa. Anasema o zake ziko upande ule.

Naambatanisha ukurasa wa Musembi.
Chupa pia, nimeifunga vizuri,
ikiwa huko kwenu mmejibakizia hadubini.

Wenu,
Kwamboka Nyakundi,
Chekechea; na Sayansi, Gredi ya Sita,
tangu mwenzangu ahamishwe.