Sheria Ndogo Namba Tatu

Niliiandika miye, kwa mkono,
mashine ya ofisi ilikuwa bado kwa fundi:
*Lori lolote la mchanga lisipite njia ya Mzambarauni
toka jua kuchomoza hadi kuchwa,
muda wote wa msimu wa karafuu.*
Mistari mitatu. Adhabu, mstari wa nne.

Kura tulipigia skuli, darasa la pili,
viti vifupi, magoti yakigonga videvu.
Bi Mize Shaame alikuja na jamvi kichwani,
akalitandika mbele ya msimamizi.
"Tazama. Juzi hizi zilikuwa daraja la kwanza."
Akapuliza. Vumbi likaruka,
likamkaa bwana yule kwenye miwani.
"Na mnunuzi nani? Si Serikali?
Basi yajichafulia chakwe."

Ndio: elfu moja mia nne na kumi na mbili.
Hapana: mia tatu na sita.
Baraza la Mji likagonga muhuri,
wino ukatapakaa kidogo, upande wa kushoto.

Wizara ikaenda Mahkama Kuu.
Mawakili wawili walishuka na ndege ya asubuhi,
mkoba mmoja, wakipokezana.
Walisema kwa upole, kama wanaomwarifu mtu msiba:
barabara ni ya Wizara, lami ya Wizara,
mitaro na alama za njiani za Wizara,
na mtoto hamtumi mamaye dukani;
sheria ndogo haiamrishi sheria mama.

Wakili wetu Burhan, kijana, koti la kuazima,
mikono ya koti imemfika vidoleni,
akasimama: "Mheshimiwa, nakubali.
Barabara ni yao. Jamvi ni letu.
Vumbi la nani?"
Watu wakacheka. Jaji naye, kidogo.
Kicheko hakikuingia kwenye hukumu.

Hukumu ilikuwa kurasa kumi na tisa.
Niliisoma yote, nikiitafuta ile namba.
Haimo. Pameandikwa *baadhi ya wakaazi.*
Baadhi!
Miye niliwahesabu, karatasi baada ya karatasi,
taa ya chemli, umeme umekatika,
na nilipokosea mia ya tisa nikaanza upya.

Sasa niseme nisilomwambia mtu.
Miye nilipiga hapana.
Ndugu yangu Khelef ana lori,
na lori lina deni, na dhamana ya deni
ni nyumba aliyotuachia baba.
Usiku ule nilirudi nyumbani nimeshindwa,
nikala muhogo wangu kwa dagaa, nikalala.
Walionishinda nawajua kwa majina:
Bi Mize, muadhini, fundi wa baiskeli,
na, kwa nilivyomwona akitabasamu, mke wangu.
Ukishindwa na jirani, asubuhi mnaamkiana.

Leo nimeshinda.
Aliyenipa ushindi simjui,
njia ile hajapata kuikanyaga,
wala sikumwomba.
Khelef kanipigia simu, anapiga kelele: "Tumeshinda!"
Nikamuuliza: sisi nani?
Akadhani mtandao mbaya.

Amri imefika: kifungu kifutwe daftarini.
Nimechukua rula na kalamu nyekundu,
nikapiga mstari mmoja,
mwembamba kama uzi wa kofia.
Herufi zote zasomeka chini yake.
Mkurugenzi katazama, kanitazama na miye,
kaulizia chai.

Rufaa, siku thelathini.
Msimu umebakisha kumi na nane.
Nje linapita lori, naujua muungurumo wake,
nilikuwapo lilipofungwa ile injini.
Nalisikia likipunguza mwendo penye majamvi.
Gia ya pili.
Gia ya pili bado.
Halafu ya tatu.