Saa Tano ya Nani

Bosi alisema akiwa ngazini, funguo mkononi:
"Zile skrini za Kibuye ziwake saa kumi na mbili,
zizime saa tano. Usinipigie simu."
Nami nikaandika alivyosema.
Kumi na mbili, nukta pacha, sifuri sifuri.
Sifuri tano, nukta pacha, sifuri sifuri.
Nikabonyeza Hifadhi, nikaenda kula mbuta.

Mashine haikufunzwa Kiswahili.
Haijui kwamba kwetu siku huanza jua likituona,
kwamba saa moja ni ya chai na viazi vitamu,
si ya wakimbia-usiku kurusha mawe juu ya mabati.
Yenyewe huhesabu kuanzia gizani
kama mtu aliyezaliwa usiku wa manane
na hakuna aliyemwambia kwamba kumekucha.

Basi asubuhi nzima skrini zikalala,
nyeusi tii, kunguru wakijitazama humo.
Adhuhuri zikazinduka:
mabati ya rangi, mkopo wa simu, dawa ya meno.
Zikawaka magharibi, zikawaka wachuuzi walipofunga,
zikawaka mbwa walipobaki peke yao na soko.
Mwanamke wa dawa ya meno
alicheka hadi saa kumi na moja alfajiri
bila kufunga mdomo.

Ulikuwa usiku wa kuamkia Jumapili.
Saa nane lori la nyanya liliingia, kama kawaida,
na dalali Mukhwana akashusha masanduku, kama kawaida,
ngumu na nyekundu juu,
na chini zile ambazo huzijui mpaka kidole kizame.
Lakini Adero, mkaza mwana wa Seme,
alipindua sanduku la kwanza chini ya yale meno meupe,
na nyanya zikasema ukweli wote.
Bei ilishuka mara mbili kabla jogoo hajawika.
Nasikia Mukhwana aliitazama skrini
jinsi mtu anavyomtazama shahidi.

Jumatatu, bosi: "Umechoma stima usiku kucha. Rekebisha."
Nikarekebisha.
Sifuri sita. Ishirini na tatu.
Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Jumamosi nilipita pale usiku, sijui kwa nini.
Saa tano kamili mwanamke wa dawa ya meno akakatika
katikati ya kicheko.
Nilingoja lori.
Adero alikuwa ameing'ata simu kwa meno, tochi ikiwaka,
mikono yote miwili ndani ya sanduku,
akiongea na simu mdomoni; nusu sikuielewa.
Nusu nyingine ilikuwa: "Wewe ndiwe mtu wa taa?"
Nikasema, mimi ni mtu wa matangazo.
Akaitoa simu mdomoni, akaipangusa kwa leso.
"Matangazo ni yenu. Sisi tulikuwa na taa."

Chini kabisa ya ratiba kuna kisanduku kidogo,
Siku za Pekee:
Krismasi, Idi, Madaraka.
Nimeongeza moja ambayo serikali haijaitangaza.
Kila usiku wa kuamkia Jumapili, sifuri mbili hadi sifuri tano.
Nilihesabu kwa vidole, kisha nikahesabu tena.
Picha: hakuna, weupe mtupu.
Jina la mteja lazima lijazwe, mashine haikubali pengo.
Nikaandika: Nyanya.

Bosi bado hajauliza. Bili huja mwisho wa mwezi.

Jumamosi iliyopita stima ilipotea
kutoka Kondele hadi ufuoni,
na ratiba yangu, sahihi hadi sekunde,
ikakaa gizani na usahihi wake.
Simu ililia. Sauti ya mtu mwenye kitu mdomoni.
Nikamwambia, mama, imepangwa, ni saa nane kamili.
"Saa nane ya nani?" akauliza,
na kabla sijajibu
nikasikia sanduku likimwagwa,
na kidole, naapa nilikisikia,
kikizama.