Kituo cha Tano

Mchanga ulichimbwa ukaisha, wakabaki na shimo,
na ndani ya shimo wakachora njia ya kushindania.
Mvua ya Julai. Misonobari imesimama ukingoni
kama watazamaji waliokataa kulipa kiingilio.
Harufu ya soseji, petroli, sufu iliyolowa.
Mimi ni kituo cha tano.
Nina bendera tatu, filimbi, redio yenye mkwaruzo,
na kiti ambacho kanuni hainiruhusu kukikalia
magari yakiwa njiani.

Sikukikalia. Hilo niliandike kwanza.

Raundi ya pili, mzunguko wa tatu,
gari namba arobaini na moja likapiga tuta,
likazunguka, likalala ubavu katikati ya kona,
magurudumu yakiendelea kukimbia hewani.
Nami nilikuwa nafuta miwani.
Kwa ncha ya skafu. Kama mtu aliye kwake.
Pumzi moja, labda moja na nusu,
kisha njano juu, mkono wote, naipepea kama kichaa.
Lakini themanini na nane alikwisha kupita,
amempita mwenzake kwa ndani, safi, kwa unene wa rangi.

Kutoka mnarani waliona vitu viwili:
bendera inapepea, gari limelipita jingine.
Wakajumlisha. Hesabu yao haikuwa na kosa.
Kosa lilikuwa kwenye tarakimu niliyowapa.

Eerika Vanhatalo akafutiwa raundi, fainali ikamponyoka.
Alikuja kituoni na kofia ngumu mkononi,
matope hadi kwenye nyusi, miaka kumi na tisa.
"Haikuwepo," akasema. "Bendera haikuwepo."
Msimu uliopita, huyu huyu, mbele ya kibanda cha kahawa,
aliniita kikongwe cha kutundikia vitambaa.
Watu walicheka. Mume wangu alicheka, kisha akakohoa.
Nikampa jibu la kanuni: peleka malalamiko kwa maandishi,
ndani ya nusu saa, pamoja na ada.
Akageuza mifuko ya ovaroli.
Ikatoka spana, na risiti ya matairi.

Basi, ilikuwa imekwisha. Hakuna kamera kona ya tano.
Neno la kituo ndilo ushahidi,
na neno la kituo lilikuwa kinywani mwangu,
limetulia, nalimung'unya kama peremende.

Fomu ina mistari tisa. Wa sita unauliza:
ishara ilipotolewa, gari lilikuwa wapi?
Kalamu ilisimama hapo.
Siku za kazi niko kiwandani Sorvanto, napasua magogo;
miaka ishirini na sita nimeushika msumeno,
najua ukienda unakata, ukirudi unakata,
na hauulizi kidole ni cha nani.
Nikaandika: lilikuwa limeshapita.
Nikaandika: nilikuwa nafuta miwani.
Nikaandika jina langu lote, Taimi Orvokki Hyvärinen,
kwa herufi za shuleni, asiwepo wa kusema halisomeki.

Rauni Kallunki, mkuu wa waamuzi, alisoma mara mbili.
Tumelelewa mtaa mmoja; harusini kwangu alibeba maua.
"Ungeniambia kwa mdomo," akasema.
"Kwa mdomo ungenisamehe."
Akapiga muhuri. Themanini na nane akarudishwa,
na mimi nikapelekwa maegeshoni
kuelekeza magari ya familia hadi msimu uishe,
fimbo yenye taa mkononi, watoto wananipungia.

Fainali niliisikia tu, ng'ambo ya lundo la mchanga.
Injini yake naitambua, ina kikohozi kwenye gia ya tatu.
Ilikohoa, ikakohoa, halafu haikukohoa tena.
Wa sita kati ya sita.
Hakunishukuru. Alipofika langoni na trela
nilimwonyesha kushoto, akaenda kushoto.

Jioni hii isiyotaka kuwa usiku
nimefua bendera zote, ingawa si zamu yangu,
nimezitundika kwenye kibaraza cha sauna.
Ya njano inadondosha maji.
Nasimama nayo, nahesabu kati ya tone na tone:
moja. Moja na nusu.